Asilimia Ishirini ya Kilichobaki

Mimi hakuna muuzaji aliyewahi kunilangua. Hajazaliwa. Nikisimama mbele ya bidhaa, muuzaji huanza kushusha bei kabla sijafungua mdomo. Kilemba hiki nilichovaa, kwa mfano, nilikipata kwa bei ya kutupa, na jioni ile ile nikamkuta jirani yangu amenunua vilemba viwili kama hiki hiki kwa pesa niliyotoa mimi kwa kimoja. Basi, yaishe. Tuyaache ya kilemba changu, tumtazame mtoto mmoja wa miaka kumi na miwili aliyezijua hesabu kuliko mimi, na dukani bado akapatikana.

Darasani walimwita Mgeni. Alikuwa amefika mwanzoni mwa muhula, na sasa ulikuwa mwezi wa tatu. Mtu wa miezi mitatu si mgeni tena, lakini hakuna aliyejisumbua kumtafutia jina jingine.

Mama yake alikuwa amepata kazi ya upishi katika shule moja ya bweni, mbali sana, ambako wapishi hawaruhusiwi kukaa na watoto wao. Kwa hiyo Mgeni aliletwa kwa shangazi, dada wa marehemu baba yake, aliyekuwa akifua shuka za wagonjwa hospitalini. Shangazi aliingia kazini saa nane mchana, naye Mgeni alirudi kutoka shule saa tisa. Asubuhi Mgeni akiamka, shangazi alikuwa bado amelala fofofo, mikono yake iliyokunjamana kwa maji ikiwa juu ya shuka. Waliishi kama walinzi wa lindo moja: mmoja akiingia, mwenzake ameshatoka.

Mazungumzo yao yalikuwa ya karatasi. Shangazi alirarua kalenda ya mwaka uliopita, akaandika nyuma yake: "Chakula kipo kwenye sufuria. Usimfungulie mtu." Chini yake Mgeni alijibu: "Nimekula. Hakuna aliyebisha." Wiki moja alihesabu maneno yote waliyosemezana kwa mdomo. Yalikuwa arobaini na moja, na kumi kati ya hayo yalikuwa shikamoo na marahaba.

Shuleni hali haikuwa tofauti sana. Wakati wa mapumziko, wasichana wanne wa timu ya mpira wa pete waliketi kwenye benchi refu lililo ukutani, wakicheka mambo yao. Mkubwa wao aliitwa Bosi, kwa sababu aliamrisha hata kengele ilie. Wa pili aliitwa Kicheko, kwa sababu hakuwa na dawa ya kicheko chake. Waliobaki walikuwa mapacha, waliozungumza kwa zamu kana kwamba walikuwa na mdomo mmoja wa kuazimana. Mgeni yeye alisimama karibu na bomba, akijifanya ana kiu. Muhula ule hakuna mtoto aliyekunywa maji mengi kama yeye.

Kitu kimoja tu kilimpa heshima: hesabu. Mwalimu alipofundisha asilimia, darasa zima lilikuwa na sura ya mtu aliyepotezewa ufunguo, isipokuwa yeye. Alipata maswali yote. Mwalimu akasema, "Mnaona? Mgeni amewazidi wenyeji." Watu wakacheka kidogo, halafu wakamsahau tena.

Kisha duka kubwa la viatu na mikoba, lililokuwa njiani kuelekea shuleni, likatundika bango jekundu: PUNGUZO ASILIMIA 30 KILA SIKU. JUMAMOSI, ASILIMIA 20 ZAIDI! Bango hilo lingekaa kwa wiki mbili.

Siku ya Jumatano Bosi alimwita pale bombani kwa kidole.

"Wewe Mgeni! Si ndiye unayejua asilimia?"

Mgeni alifuta maji mdomoni. "Najua."

"Sisi tunataka raba za mechi, zinazofanana. Dukani pale ni elfu ishirini pea moja. Jumamosi zitakuwa shilingi ngapi?"

Miezi mitatu hakuna aliyemuuliza kitu, hata saa. Sasa nyuso nne zilikuwa zikimsubiri. Angeweza kusema, "Ngojeni nichukue karatasi." Lakini mtu anayengojewa na nyuso nne haendi kutafuta karatasi.

"Thelathini na ishirini ni hamsini," alisema. "Asilimia hamsini ni nusu. Elfu kumi."

"Elfu kumi!" mapacha walisema kwa pamoja.

"Una uhakika?" Bosi aliuliza.

"Kabisa."

Hesabu ikileta jibu tamu, nani anaikagua? Kicheko alianza kucheka kwa furaha, na Bosi akatoa amri: Jumamosi timu ina mazoezi, kwa hiyo Mgeni ataenda kuwanunulia. Ijumaa kila mmoja alimletea elfu kumi. Mgeni aliandika saizi zao kiganjani kwa kalamu, na siku nzima hakunawa mkono ule.

Naye alikuwa na lake la kununua. Soli ya kiatu chake cha kulia ilikuwa imeachia mbele, ikifunguka na kufumba kama mdomo wa mtu anayesinzia. Viatu vya shule pale dukani vilikuwa elfu ishirini na nne. Alikuwa amemwambia mama yake kwa simu ya shangazi, "Mama, Jumamosi ni nusu bei. Tuma elfu kumi na mbili tu, inatosha." Mama akatuma elfu kumi na mbili kamili, bila hata sarafu ya ziada, maana kwa mshahara wa mpishi hakuna cha ziada.

Jumamosi Mgeni aliingia dukani peke yake. Watu walikuwa wamejaa, mama na binti zake, baba amebebeshwa maboksi mpaka kidevuni, ndugu wawili wakigombania kiti cha kujaribia viatu. Alisimama kwenye foleni na maboksi manne kifuani, na kwa sababu hakuwa na wa kuzungumza naye, alihesabu vigae vya sakafuni.

Keshia, dada mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alibonyeza mashine yake.

"Elfu arobaini na nne na mia nane, mdogo wangu."

"Arobaini," Mgeni alisema. "Ni elfu kumi mara nne, dada. Nusu bei."

"Nani kakwambia nusu bei?"

"Thelathini na ishirini ni..." Alianza kwa sauti kubwa, akamaliza kwa ndogo. "Ni hamsini."

Nyuma yake mtu akashusha pumzi kwa nguvu, ya kuwaambia wenzake kwamba foleni imekwama. Keshia hakuwa mkali. Aligeuza risiti iliyoharibika, akachukua kalamu.

"Tazama. Elfu ishirini. Asilimia thelathini yake ni elfu sita. Tunaitoa, inabaki elfu kumi na nne, sivyo? Sasa hii ishirini ya Jumamosi haikatwi tena kwenye elfu ishirini. Ile haipo tena, imeshakatwa. Inakatwa kwenye hii elfu kumi na nne iliyobaki. Ishirini ya hapo ni elfu mbili na mia nane. Kinachobaki?"

"Elfu kumi na moja na mia mbili," Mgeni alinong'ona.

Alielewa palepale, na ndicho kilichomuuma zaidi. Angekuwa mbumbumbu, angebisha kidogo na kujifariji. Lakini hesabu ilikuwa nyeupe kama mchana: punguzo lote ni asilimia arobaini na nne, si hamsini. Kila pea ilipungukiwa elfu moja na mia mbili. Pea nne, elfu nne na mia nane.

"Rudisha pea moja, ukawaeleze wenzako," keshia alimshauri. "Si kosa la kukukosesha raha. Tangu asubuhi watu wazima zaidi ya kumi wamelia hapa mbele yangu."

Arudishe ipi? Ya Bosi? Ya pacha mmoja, mwenzake avae? Na akishawaeleza, kuanzia Jumatatu atakuwa nani? Atakuwa mtu wa bombani tena, tena safari hii hata hesabu hana. Mgeni aliingiza mkono kwenye mfuko wa ndani, zilipokuwa zile elfu kumi na mbili za mama, akahesabu elfu nne na mia nane, akaziweka kaunta. Zilibaki elfu saba na mia mbili, za kutosha kiatu cha kushoto tu, na viatu haviuzwi kimoja kimoja.

Jioni aliandika nyuma ya kalenda: "Nimekula. Viatu saizi yangu imekwisha." Akausoma uongo wake mara mbili. Kwa karatasi, uongo unasomeka vizuri sana, haupepesi macho.

Jumatatu raba zilipotolewa kwenye maboksi, benchi lilipiga kelele mpaka mwalimu wa zamu akachungulia.

"Elfu kumi?" Bosi aliuliza.

"Elfu kumi kama nilivyosema."

"Nyie, huyu mtu ni mashine! Sogeeni, sogeeni, Mgeni akae."

Wakasogea. Mgeni akakaa kati ya Kicheko na pacha mmoja, akapewa nusu ya chungwa, na kwa mara ya kwanza muhula ule hakuwa na kiu. Miguu aliificha chini ya benchi. Alicheka kila walipocheka, hata pale ambapo hakujua wanamcheka nani.

Lakini furaha yake haikumaliza hata siku mbili. Bosi, ambaye kitu kizuri hakikai kwake bila kutangazwa, alilitangazia darasa zima na la jirani. Kufikia Jumanne alasiri, watoto sita wengine walikuwa wamemkabidhi Bosi elfu kumi kila mmoja, wakitaka raba za bei ileile, na Bosi akamkabidhi Mgeni bahasha moja nono.

"Jumamosi hii ndiyo ya mwisho," alisema. "Nimewaambia wewe hukosei. Usiniangushe."

Nyumbani Mgeni aliketi kitandani, akapiga hesabu. Pea sita, kila moja inapungukiwa elfu moja na mia mbili. Jumla, elfu saba na mia mbili. Akatoa zile pesa za mama zilizobaki, akazihesabu. Elfu saba na mia mbili. Hesabu ilikuwa kama inamcheka: zinatosha kabisa kuufunika uongo, hazibaki hata za pipi. Na baada ya hapo, je, wakija wengine?

Jumatano shangazi alikuwa na mapumziko, kwa hiyo saa kumi jioni alikuwa nyumbani, ameloweka nguo zake mwenyewe uani, maana anayefua za watu siku sita hubakiwa na siku moja ya kufua zake. Simu ikalia. Alikuwa mama.

"Mwanangu! Shangazi yako ameniambia habari za saizi. Je, wameleta nyingine? Umenunua?"

Shangazi alikuwa uani, hasikii. Mgeni alitazama ukuta.

"Nimenunua, mama."

"Vinakukaa vizuri?"

"Vizuri."

"Havikubani?"

"Havinibani."

Mama alicheka ule ucheko wake wa chini ambao kwenye simu husikika kama mtu anayekohoa. "Basi tembea nisikie. Weka simu sakafuni, utembee. Nataka nisikie vinavyolia. Huku nina sufuria tu za kusikiliza."

Mgeni aliweka simu sakafuni. Angevua? Miguu mitupu hailii. Alivaa vile vile alivyonavyo, akatembea kutoka kitandani mpaka mlangoni, akijaribu kukanyaga kwa kisigino. Ta. Ta. Lakini kwenye kugeuka soli ikamsaliti. Ta-plapu. Ta-plapu. Chumba kilikuwa kitupu na sauti ikajaa kote.

Aliokota simu.

"Hivyo si vipya, mwanangu," mama alisema.

Hakugomba. Angegomba, Mgeni angepata la kujibu. Kwenye simu zilisikika tu sufuria zikigongana mbali, na mtu akimwita mama kwamba maji yamechemka.

"Naitwa," mama alisema. "Mwambie shangazi yako ukweli, ukiweza. Kisha mwambie anipigie." Simu ikakatika.

Mgeni alitoka uani. Shangazi alikuwa ameinama juu ya beseni, povu mpaka viwikoni. Alimtazama mtoto, akamtazama tena, akafuta mikono kwenye kanga yake.

"Sema."

Mgeni akasema. Raba, keshia, elfu nne na mia nane, bahasha nono, simu sakafuni. Yalitoka maneno mengi kuliko yote ya miezi mitatu. Shangazi alisikiliza bila kumkatiza, kisha akanyoosha mkono, akachukua mche wa sabuni na kisu cha kukatia.

"Mimi asilimia sikuzielewa tangu shule," alisema. "Mwalimu wangu alikuwa anafundisha huku akiangalia dirishani, nami nikawa naangalia alichokuwa anaangalia. Nioneshe hiyo hesabu."

Mgeni aliweka alama kwenye mche, vipande kumi vilivyo sawa. "Huu mche wote ndio bei ya kwanza. Toa asilimia thelathini. Ni vipande vitatu."

Shangazi akakata vitatu, akaviweka kando. "Haya. Na ile ishirini? Nikate hapa?" Akaweka kisu juu ya vile vipande vitatu vya kando.

"Hapana, shangazi! Hivyo vimeshaondoka. Kata kwenye kilichobaki. Kigawe sehemu tano, utoe moja."

Shangazi akapima kwa jicho vile vipande saba, akakata kimoja na kidogo zaidi, akainua kilichobaki kwenye mwanga. Kilikuwa kirefu kuliko nusu ya mche. Hilo halikuhitaji shule.

"Ahaa," alisema. "Basi nimeelewa. Dakika mbili. Mimi niliyeshindwa miaka saba." Akamtazama. "Hao wenzako wana akili kunizidi. Mbona hukuwaonesha?"

"Wangesema sijui hesabu."

"Halafu?"

"Wangeniacha."

"Kwani walikuwa wamekushika?"

Mgeni alikigeuza kipande kimoja cha sabuni mkononi. Shangazi naye akainama kwenye beseni, akafua shati moja mpaka likataka kutoboka.

"Nami nina kosa langu," alisema akiwa bado ameinama. "Mtoto yuko ndani ya nyumba yangu, habari zake nazisoma nyuma ya kalenda." Kisha akainuka, akavifunga vile vipande vya sabuni kwenye gazeti. "Kesho nenda na hivi. Pesa za watu sita, rudisha au waambie waongeze. Za wale wanne, waambie ukweli. Wakiondoka, waondoke wakijua."

Alhamisi wakati wa mapumziko Mgeni alisimama mbele ya benchi, hakukaa. Aliweka ile bahasha nono kando, akafungua gazeti.

"Mbona umeleta sabuni?" Kicheko aliuliza. "Nani ananuka?"

"Nilikosea," Mgeni alisema. "Raba si elfu kumi. Ni elfu kumi na moja na mia mbili. Zilizopungua nilitoa za viatu vyangu, kisha nikawadanganya." Akawapangia vile vipande benchini, akawaonesha kisu kilipopita kwanza na kilipopita baadaye.

Mapacha walielewa, mmoja akaanza kusema na mwenzake akamalizia. Kicheko, kwa mara ya kwanza tangu ajulikane, hakucheka. Alikuwa akitazama viatu vya Mgeni, ambavyo sasa havikuwa vimefichwa mahali popote. Lakini Bosi alisimama, uso umemvimba.

"Nimetembea madarasa mawili nikisema hukosei! Umenifanya mimi nionekane mjinga!"

"Mimi ndiye niliyekosea."

"Ndiyo! Na mimi ndiye niliyetangaza!" Akachukua ile bahasha nono, akaondoka nayo kwenda kuwakabili watu sita, na mapacha na Kicheko wakamfuata.

Mgeni alibaki na benchi lote la kutosha watu watano, akakaa yeye na sabuni. Ukweli ameusema, na bado moyo ulimuuma kama kidole kilichobanwa mlangoni. Hilo nalo mliweke akilini, ninyi mnaosoma: ukisema ukweli hupigiwi makofi hapo hapo. Alikaa hivyo Alhamisi nzima, na asubuhi ya Ijumaa ikamkuta hivyo hivyo.

Wa kwanza kuja walikuwa mapacha. "Elfu mbili..." "...na mia nne, zetu sote wawili." Kisha Kicheko akaja na sarafu zake zikiwa zimefungwa kwenye leso. "Nimevunja kibubu," alisema. "Kilikuwa na kifungo cha suruali ndani. Sijui ni cha nani." Akaanza kucheka, na Mgeni akashangaa kuona kumbe kukikosa kicheko kile ndiko kulikomkosesha usingizi.

Bosi alikuja kengele ikiwa karibu kulia. Aliweka pesa juu ya dawati bila kumtazama.

"Elfu moja na mia mbili. Nimeipiga hesabu mwenyewe, mara tatu." Akasita. "Wale sita wameongeza. Wawili wamenitukana, ila wameongeza. Na kesho hakuna mazoezi. Tunaenda dukani wote. Wewe unapiga hesabu, mimi nakagua."

"Sawa."

"Na Ijumaa ijayo kwenye mechi tunahitaji mtu wa kuandika magoli. Yule wa mwaka jana alitupunja mawili." Hapo ndipo alipomtazama. "Anayekubali kwamba amekosea atafaa. Wengine wote wanaandika kwa kujipendelea."

Jioni Mgeni alipiga hesabu zake. Pesa za mama zilikuwa zimerudi zote, elfu kumi na mbili. Lakini viatu vya shule, ukivikata vizuri, mara ya kwanza vinabaki elfu kumi na sita na mia nane, mara ya pili vinabaki elfu kumi na tatu mia nne na arobaini. Alipungukiwa. Aliandika hayo yote kwenye kalenda, mstari kwa mstari, akaongeza kwamba kesho wenzake wanne watapita nyumbani kunywa maji na kwamba shangazi amealikwa kwenye mechi ya Ijumaa, akaiacha mezani. Asubuhi alikuta elfu moja na mia tano chini ya sahani, na maandishi ya shangazi: "Zinapungua 1,440. Nirudishie chenji sitini. Nimehesabu kwa sabuni. Leo Jumamosi nina zamu tangu asubuhi, usinisubiri."

Wakaenda watu watano. Foleni ilikuwa ndefu kama juma lililopita, lakini Mgeni hakuhesabu kigae hata kimoja, hakupata nafasi. Mapacha walikuwa wakimwambia jambo, kila mmoja nusu yake. Keshia alipobonyeza mashine, Bosi alisoma karatasi yake kwa sauti, namba zikalingana mpaka sarafu ya mwisho, na dada wa miwani akasema kama wangekuwa watu wazima angewaajiri.

Mgeni alitoka amevaa viatu vipya. Alimpigia mama kwa simu ambayo Bosi alikuwa ameiazima kwa mama yake, akaiweka kwenye ngazi za duka, akatembea. Ko, ko, ko, ko. Kwenye simu mama alisema, "Tena," naye akatembea tena, wapita njia wakimshangaa.

Walipofika nyumbani kwa Mgeni kunywa maji, mlango ulikuwa wazi. Shangazi alikuwa ndani, mezani, mbele ya jagi la maji ya matunda na vikombe sita.

"Shikamoo shangazi!" walisema wote.

"Marahaba, marahaba. Zamu... ilibadilishwa," shangazi alisema haraka. "Kaeni. Huyo ndiye Bosi? Nilidhani ni mrefu zaidi."

Kicheko akacheka mpaka akamwaga kikombe chake. Wakanywa, wakaonyesha viatu, chumba kikajaa sauti mpaka pembeni. Shangazi aliwatazama mmoja mmoja, kisha akagonga meza kwa kijiko.

"Sikilizeni niwaambie, halafu mwendelee na makelele yenu. Punguzo likiwa juu ya punguzo, usijumlishe. Kata mara moja, tazama kilichobaki, ndipo ukate tena. Hayo ni ya dukani. Ya nyumbani ni haya: ukikosea, sema siku hiyo hiyo, wakati kosa bado ni la elfu moja na mia mbili. Huyu alingoja, likafika elfu kumi na mbili, na lingeendelea kukua kama asingelisimamisha. Kukosea hesabu hakumwondolei mtu rafiki. Kudanganya ndiko kunakomfanya akae na marafiki akiwa peke yake. Mtu mkweli hana cha kuficha chini ya benchi, wala..."

"Shangazi, mkoba mzuri!" Kicheko alisema, akitazama nyuma ya mlango.

Palikuwa na msumari, na kwenye msumari mkoba wa rangi ya zambarau wenye kifungo cha dhahabu. Mgeni, aliyezijua nguo na vyombo vyote vya nyumba ile kwa sababu hakuwa na kingine cha kutazama miezi mitatu, hakuwahi kuuona.

"Huo?" Shangazi alipunga mkono kama anafukuza inzi. "Wa zamani huo. Wa tangu ujana wangu. Nimeutoa tu sandukuni upate hewa, maana Ijumaa kuna watu wanataka nikaone mechi."

"Naweza kuushika?" Bosi aliuliza kwa adabu, na kabla hajajibiwa alikuwa ameushika. Mkoba ulichakarisha ndani. Akaufungua, akatoa karatasi nyeupe iliyovingirishwa, kisha ya pili, kisha ya tatu, zile za kujazia ili mkoba mpya usinywee dukani. Na kwenye zipu ya ndani kilikuwa kikining'inia kikaratasi cha bei.

"Elfu kumi na nane," Bosi alisoma. "Mgeni?"

Mgeni alimtazama shangazi, akauma midomo isicheke. "Thelathini kwanza, inabaki elfu kumi na mbili na mia sita. Ishirini ya kilichobaki... elfu kumi na themanini."

"Nimekagua," Bosi alisema. "Sahihi."

"Tena ni bei ya Jumamosi," pacha mmoja alisema.

"Jumamosi ya leo," mwenzake akamalizia.

Watoto watano wakamgeukia shangazi. Shangazi aliutazama mkoba, akazitazama karatasi, akaitazama dari, ambayo haikumsaidia kwa lolote.

"Ujana wangu," alisema hatimaye, "umeanza leo saa nne asubuhi."